Je, 55 Cancri e ni sayari ya almasi? Uchambuzi wa kisa kimoja

Kila baada ya muda ujumbe uleule huzunguka upya kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Dar es Salaam: angani kuna sayari ya almasi, kubwa mara mbili ya Dunia, theluthi yake ni almasi tupu, na thamani yake haina mfano. Safari hii uliingia kwenye grupu la wanafunzi wa kidato cha sita, wa PCM (fizikia, kemia na hesabu) na PGM (fizikia, jiografia na hesabu), ninaowafundisha fizikia kwenye twisheni Sinza. Wengi walituma vicheko na alama za mshangao. Binti mmoja akaandika: "Mwalimu, walijuaje cha ndani wakati hata kufika hawajafika?"

Swali hilo lilistahili kipindi kizima, na tulilitengea zaidi ya kipindi. Ninaliandika hapa kama kisa kamili kwa sababu sayari hii moja inaonyesha vizuri kuliko nyingine yoyote jinsi watu wanavyoyafikia matumbo ya dunia kubwa za miamba zilizo nje ya mfumo wa Jua letu, na mahali hasa ambapo njia hiyo hufika mwisho. Suala la bei ya hiyo almasi tuliliacha lilivyo, halina fizikia ndani yake.

Sayari yenyewe ipo kweli. Inaitwa 55 Cancri e, na tangu 2015 ina pia jina rasmi la Janssen. Nyota yake ikapewa jina la Copernicus. Iko umbali wa miaka ya nuru 41, kwenye kundinyota la Kaa. Ukiwa Dar mwezi Februari au Machi, saa tatu usiku, kundi hilo huwa juu upande wa kaskazini, ila nyota yenyewe ni hafifu mno kwa macho matupu chini ya taa za mji. Inahitaji darubini ndogo ya mkononi. Sayari huizunguka nyota hiyo kwa saa 17 na dakika 40 hivi. Mwaka wake mzima, basi, haufiki siku yetu moja. Umbali kati yao ni kilomita milioni 2.3, ambao ni moja ya ishirini na tano ya umbali kati ya Zebaki na Jua. Kwa ukaribu huo, mwamba wa upande wa mchana unatarajiwa kuwa umeyeyuka.

Hakuna aliyewahi kuiona sayari hii kama duara. Kinachopimwa ni nyota. Sayari ikizunguka huivuta nyota yake huku na huku, na nyota inapotusogelea au kurudi nyuma, mistari kwenye spektra ya mwanga wake (mwanga uliotawanywa katika rangi zake) husogea kidogo kuelekea bluu au nyekundu. Ni ile athari ya Doppla iliyomo kwenye silabasi. Kwa 55 Cancri e kuyumba huko ni kama mita 6 kwa sekunde, na kutoka hapo tunapata tungamo. Namba ya pili hupatikana sayari inapopita mbele ya nyota: mwanga hupungua kwa sehemu tatu hivi katika elfu kumi, na kina cha upungufu huo hutupa ukubwa wa sayari. Tungamo na nusu kipenyo. Mambo mengine yote yanayosemwa juu ya tumbo la sayari hii yanaanzia kwenye namba hizo mbili.

Na namba hizo zimebadilika, tena si kidogo. Sayari ilitangazwa 2004 na Barbara McArthur na wenzake, ikidhaniwa kuzunguka kwa siku 2.8 na kuwa na tungamo mara 14 hivi la Dunia, yaani kitu cha aina ya Neptuni. Mwaka 2010 Rebekah Dawson na Daniel Fabrycky walipitia upya vipimo vilevile, wakaonyesha kwamba mzunguko wa kweli ni wa siku 0.74. Chanzo cha tofauti ni kitu cha kawaida kabisa: darubini za ardhini hutazama nyota usiku tu, kwa hiyo vipimo vina pengo linalojirudia kila siku, na pengo hilo linaweza kuzaa mzunguko wa uongo unaofanana na wa kweli. Wanafunzi walilifanyia kazi ubaoni. Mizunguko kwa siku ni 1 gawanya kwa 0.7365, sawa na 1.358. Toa mzunguko mmoja wa kila siku, inabaki 0.358 hivi, na 1 gawanya kwa 0.358 ni siku 2.8. Darasa lilinyamaza kidogo, kisha mtu wa nyuma akapiga meza. Mwaka 2011 setilaiti ya Kanada iitwayo MOST na darubini ya anga ya Spitzer ziliiona sayari ikipita mbele ya nyota kwa mzunguko huohuo mfupi. Tungamo likashuka kutoka 14 hadi 8.

Nusu kipenyo nacho kilikuwa na safari yake. Hapa niliwapa kalkuleta, tukashika tungamo kuwa 8 bila kulibadilisha, na densiti ya wastani ya Dunia kuwa gramu 5.51 kwa sentimita ya ujazo. Densiti ya sayari ni 8 gawanya kwa kipeo cha tatu cha nusu kipenyo, mara 5.51. Kipimo kimoja cha Spitzer cha 2012 kilisema nusu kipenyo ni mara 2.17 ya Dunia: jibu, gramu 4.3. Hesabu za almasi za mwaka huohuo zilitumia 2.04: jibu, 5.2. Kipimo kilichochapishwa 2018, kilichounganisha miaka mingi ya data, kilisema 1.875: jibu, 6.7. Tofauti ya nusu kipenyo kati ya cha kwanza na cha mwisho ni asilimia 14 tu. Kwa kuwa ujazo hupanda kwa kipeo cha tatu, asilimia hizo 14 zinakutoa kwenye sayari ambayo lazima iwe na kitu chepesi juu yake na kukuleta kwenye sayari ambayo huenda ni mwamba mtupu. Ninalisisitiza hili kwa sababu ujumbe wa WhatsApp umeganda kwenye namba za 2012.

Je, 6.7 ni nyingi au kidogo? Kijana wa PGM alisema ni nyingi, maana inaipita Dunia, kwa hiyo lazima ndani kuna chuma kingi. Inasikika sawa, lakini inasahau mgandamizo. Miamba na chuma hubanwa na uzito wa vilivyo juu yake, kwa hiyo sayari yenye viungo vilevile vya Dunia lakini tungamo mara nane haitakuwa na densiti ya 5.5. Mifano ya kihesabu ya sayari za miamba inaonyesha kuwa nusu kipenyo hukua polepole, takriban kwa tungamo likipandishwa kwenye kipeo cha 0.27. Nane kwa kipeo hicho ni 1.75. Rudi kwenye hesabu ya densiti: 8.2 hivi. Basi 55 Cancri e, yenye 6.7, ni nyepesi kuliko ambavyo Dunia ingekuwa kama ingenenepa kufikia tungamo lake. Ukiondoa kiini cha chuma kabisa ukabaki na mwamba wa silikati (madini ya silikoni na oksijeni) peke yake, nusu kipenyo huongezeka kwa asilimia 7 hivi na kufika 1.88. Karibu kabisa na kilichopimwa.

Hapo wengi walitaka kufunga kesi: sayari haina kiini cha chuma, tumemaliza. Lakini namba hizohizo zinakubali majibu mengine. Sayari inaweza kuwa na kiini cha chuma na miamba kama yetu, halafu ikazungukwa na angahewa nzito linaloongeza kipenyo. Inaweza kuwa na kiini kidogo na chuma kingi kilichobaki ndani ya miamba kikiwa kimeungana na oksijeni. Inaweza pia kuwa na kaboni nyingi mahali pa silikati, maana kaboni ni nyepesi kuliko miamba hiyo, na hapo ndipo almasi inapoingilia.

Mwanafunzi ambaye mjomba wake ni sonara Kariakoo ndiye aliyelieleza vizuri kuliko mimi. Alisema mjomba akiletewa kipande kinachosemwa ni dhahabu hukipima kwenye mizani, kisha hukitia kwenye glasi ya maji kupata ujazo. Kikifaulu, bado hatoi hela. Tungsteni ina densiti ya 19.25 na dhahabu 19.3, kwa hiyo kipande cha tungsteni kilichovikwa dhahabu hupita mtihani wa mizani na maji bila shida. Mjomba hukikwangua kwenye jiwe na kudondoshea asidi, na kikiwa kinene hukikata. "Sasa Mwalimu," akauliza, "hiyo sayari wanaikwangua wapi?"

Kwa Dunia yetu tuna mahali pa kukwangua. Henry Cavendish mwaka 1798 alipata densiti ya wastani ya Dunia karibu na ile tunayoijua leo. Miamba ya juu ina 2.7 hivi, kwa hiyo ilikuwa wazi kwamba chini kuna kitu kizito zaidi. Hiyo bado ilikuwa mizani na maji tu. Kiini kilithibitishwa na mawimbi ya matetemeko, yanayopinda, kurudi au kuzimika yanapofika mpaka wa tabaka. Mwaka 1936 Inge Lehmann wa Denmark alitumia mawimbi hayo kuonyesha kwamba ndani ya kiini cha majimaji kuna kiini kingine. Leo tunajua kiini chote kina nusu kipenyo cha kilomita 3,480 kati ya 6,371, na kinabeba asilimia 32 hivi ya tungamo la Dunia. Kwenye sayari iliyo miaka ya nuru 41 hakuna wa kupeleka kipima tetemeko.

Mbadala wake ni nyota. Sayari na nyota hutokana na wingu moja la gesi na vumbi, kwa hiyo uwiano wa chuma, magnesi, silikoni, oksijeni na kaboni kwenye nyota unatupa makisio ya viungo vya sayari. Ndivyo hadithi ya almasi ilivyoanza, na ilianza kwa heshima zake. Kipimo cha 2010 kilisema nyota ya 55 Cancri ina kaboni nyingi kuliko oksijeni: atomu 1.12 za kaboni kwa kila atomu moja ya oksijeni, wakati kwenye Jua ni kama 0.55. Kemia hapa ni muhimu. Kaboni na oksijeni hushikana kwanza, zikatengeneza kaboni monoksaidi. Kinachobaki baada ya hapo ndicho kinachojenga sayari. Ikibaki oksijeni, inaungana na silikoni na magnesi na unapata silikati, miamba kama ya kwetu. Ikibaki kaboni, unapata grafiti na silikoni kabaidi, na chini, kwenye kanieneo kubwa, grafiti inakuwa almasi.

Almasi kwetu si kitu cha ugenini. Zile za Mwadui, Shinyanga, ziliundwa chini sana, kilomita 150 hivi au zaidi, zikapandishwa juu na magma ya kimbalaiti. Kanieneo ya kina hicho ni gigapaskali 5 tu (gigapaskali moja ni kama mara elfu kumi ya kanieneo ya hewa inayotuzunguka). Sayari yenye tungamo mara nane la Dunia inaifikia kanieneo hiyo karibu na ngozi yake. Kwa hiyo Nikku Madhusudhan, Kanani Lee na Olivier Mousis walipoandika mwaka 2012 kwamba tumbo lenye kaboni nyingi linawezekana, hesabu yao ilisimama: kwa nusu kipenyo cha wakati ule, kaboni ingeeleza wepesi wa sayari bila kuhitaji gesi wala maji. Waliandika "inawezekana". Neno hilo ndilo lililoanguka njiani kabla ujumbe haujafika Sinza.

Mwaka uliofuata Johanna Teske na wenzake walikipima upya kiwango cha oksijeni cha nyota hiyo. Mstari mmoja wa oksijeni unaotumika sana, ulio kwenye nanomita 630, umekaa juu ya mstari wa nikeli. Usipoitenganisha nikeli vizuri, oksijeni inakutoka vibaya. Walipotumia vipimo kadhaa kwa pamoja uwiano ulishuka hadi 0.78. Bado ni mkubwa kuliko wa Jua, lakini oksijeni sasa ndiyo nyingi, na kaboni inayobaki baada ya oksijeni kushiba haipo tena. Nusu kipenyo nacho kikapungua baadaye, kikaondoa ule wepesi uliohitaji kuelezwa. Nguzo mbili za hoja zilidhoofika, kila moja kwa njia yake. Mtu akiniuliza leo, nasema almasi kuwa theluthi ya sayari hii ni dhana iliyopoteza ushahidi wake, na sioni sababu ya kuifundisha kama habari.

Mwaka 2019 kundi la Caroline Dorn lilileta wazo jingine. Sayari zinazoumbwa karibu sana na nyota, kwenye joto kali, hupata kwanza madini yanayoganda mapema, yenye kalisi na alumini nyingi, na chuma kidogo. Hilo lingetoa sayari isiyo na kiini kikubwa cha chuma, na 55 Cancri e ilikuwa mojawapo ya tatu walizozitaja. Alumini ikiungana na oksijeni ni korandamu, na korandamu angavu yenye rangi ndiyo rubi na safaya. Magazeti hayakuchelewa kuanza hadithi mpya ya vito. Wazo lenyewe lina mantiki na linalingana na densiti iliyopimwa. Wingi wa vito haukuwa hoja yake.

Sehemu iliyonivutia mimi kuliko zote ni ile ya kina kabisa, na bahati nzuri wanafunzi walivutiwa nayo pia. Kwa makadirio ya haraka, kanieneo ya kitovu inafuata tungamo la kipeo cha pili, gawanya kwa nusu kipenyo cha kipeo cha nne. Kwa 8 na 1.875 unapata mara 5 ya Dunia. Kitovu cha Dunia kina gigapaskali 364, kwa hiyo tunazungumzia zaidi ya gigapaskali 1,800. Kwenye hali hiyo hata miamba haibaki miamba tuijuayo. Tayari ndani ya Dunia, karibu na mpaka wa kiini, madini makuu ya manto (tabaka nene la mwamba linalozunguka kiini) hubadilisha mpangilio wake wa atomu, jambo lililogunduliwa na watafiti wa Japani mwaka 2004. Kwenye sayari kubwa, mifano inaonyesha kuwa karibu na gigapaskali 1,000 madini hayo huanza kuvunjika kuwa oksidi sahili zaidi.

Mtu anajuaje haya bila kuchimba? Kwa kuibana sampuli. Kwenye maabara ya Lawrence Livermore, California, kuna mtambo wa miale 192 ya leza inayolengwa kwenye shabaha ndogo. Mwaka 2018 walichapisha vipimo vya chuma kilichobanwa hadi gigapaskali 1,400. Mwaka 2021 walionyesha kwamba almasi huendelea kuwa almasi hata kwenye gigapaskali 2,000, ingawa nadharia ilitarajia ibadilike. Mwaka 2022 walipima chuma kinapoyeyuka kwenye kanieneo inayofika 1,000, wakakadiria kwamba viini vya majimaji hudumu muda mrefu zaidi kwenye sayari za miamba zenye tungamo mara nne hadi sita la Dunia. Hilo lina maana kubwa, kwa sababu chuma cha majimaji kinachozunguka ndicho kinachotengeneza sumaku ya sayari, na sumaku ni ngao ya angahewa.

Binti aliyeanzisha mjadala aliuliza kama 55 Cancri e ina ngao hiyo. Nilimjibu kwamba tungamo lake limevuka kidogo kiwango hicho bora, na kwamba swali la kwanza ni kama ina kiini cha chuma chenyewe. Tukarudi kwa mjomba wa Kariakoo na jiwe lake.

Jiwe la kukwangulia, kwa sayari hii, huenda limepatikana, na ni bahari ya magma yake. Mwamba ulioyeyuka hutoa gesi, na gesi hubeba habari za kilichomo chini. Mei 2024 Renyu Hu na wenzake walichapisha vipimo vya darubini ya anga ya James Webb. Kama upande wa mchana ungekuwa mwamba mweusi usio na angahewa, joto lake lingefika nyuzi 2,200 za Selsiasi. Walipata kama 1,540. Kitu fulani kinalihamisha joto kwenda upande wa usiku, na maelezo yanayokaa vizuri zaidi na spektra ni angahewa lenye kaboni monoksaidi au kaboni dayoksaidi, linalojazwa upya na magma kadiri nyota inavyolipeperusha. Kaboni ipo, basi, ila ikiwa gesi iliyoshikana na oksijeni, kama kemia ya nyota yenye 0.78 ingetarajia. Na angahewa hilo likithibitika, sehemu ya ile nusu kipenyo ya 1.875 ni ya gesi, mwamba wenyewe ni mdogo zaidi na mzito zaidi, na kiini cha chuma kinarudi mezani.

Mwaka huohuo kundi jingine lilionyesha kwamba mng'ao wa upande wa mchana hubadilika sana kati ya mara moja ya kutazama na nyingine, kwa hiyo kipimo kimoja hakitoshi. Kinachotafutwa sasa ni uwiano wa gesi mbili zile. Kaboni dayoksaidi ikiwa nyingi kuliko monoksaidi, magma ina oksijeni ya kutosha, na chuma kingi kimebaki kimeungana nayo ndani ya manto. Monoksaidi ikitawala, oksijeni ni chache kule chini, na chuma kina kila sababu ya kuwa kimejitenga na kuzama kitovuni.